Kadi Mpya, Sheria Mpya

Mkono wa kaka yangu ulikaa ndani ya foronya muda mrefu kupita kiasi. Sikuwa nikitazama uso wake, maana uso wa Darrell haujawahi kumsaliti tangu tukiwa watoto. Nilitazama kiwiko. Kiwiko kilikuwa kikipanda na kushuka taratibu, kama cha mtu anayetafuta soksi ya pili ndani ya kapu la nguo. Mama ndiye aliyeishika foronya ile. Ilikuwa ya maua ya samawati, imefuliwa hata maua yamebaki vivuli, na aliishika mdomo wazi kwa mikono miwili huku macho yake yako dirishani, ziwani, ambako barafu ya kwanza ilikuwa imeanza kushika kandokando.

"Unapapasa," nikamwambia Darrell.

"Nachota tu."

"Mtu hachoti hivyo. Toa mkono."

"Mama, umemsikia? Ameshaanza."

"Toa kadi, Darrell," Mama akasema bila kugeuka.

Akatoa. Ilikuwa kadi mpya, yenye mgongo wa buluu iliyokolea, inang'aa kama kitu kilichopakwa mafuta. Upanga wa Alfajiri. Akaiweka mbele yake kwa adabu nyingi, kama vile ameokota tu, nami nikaikunjia ngumi chini ya meza. Tulikuwa tukiigombea nyumba ile ile tuliyokuwa tumekaa ndani yake.

Najua inavyosikika. Watu wazima wawili, mmoja anauza bima Minneapolis, mwingine dereva wa basi la shule, wanacheza mchezo wa majoka na wachawi ili kujua nani achukue nyumba ya marehemu baba yao. Lakini ndivyo tulivyolelewa. Baba, Waino Saari, aliununua mchezo ule mwaka ambao mgodi wa chuma uliwarudisha watu nyumbani bila kazi. Mji mzima wa wanaume ulikuwa umekaa jikoni ukitazama theluji. Baba yeye akaingia dukani kutafuta betri ya redio, akatoka na sanduku lenye picha ya ngome juu ya jabali: *Ngome ya Orvendal*. Mama alimuuliza kama limejaa nyama. Jioni ile Baba alisafisha meza, akautandaza ubao, akatusomea kijitabu cha sheria toka mwanzo mpaka mwisho kwa sauti ya mchungaji wetu wa Kilutheri.

Tangu siku hiyo hakukuwa na ugomvi uliomalizwa kwa maneno nyumbani kwetu. Nani aoshe vyombo, nani alale chumba cha juu ambako bomba la moshi hupita na kupasha ukuta joto, nani aombe radhi kwanza: mezani. Unazunguka ubao, unachota kadi, unarusha dadu, unapigana na unachokutana nacho. Atakayefika kwenye kiti cha enzi na funguo tatu ndiye mshindi, na neno lake linasimama. Baba hakuwahi kumwonea mtu wala kumpendelea. Nilipokuwa na miaka tisa nilimshinda, akaenda kuosha vyombo huku akipiga mluzi.

Sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya kifo. Shujaa wako akiuawa, mchezo haujaisha. Unamchukua na kumrudisha Nyumba ya Wageni, kile kibanda kilichochorwa pembeni mwa ubao chenye taa ya manjano dirishani, unachagua kitu kimoja tu cha kubaki nacho, vingine vyote unaviacha, na zamu ikifika unaanza upya. Darrell alipokuwa mdogo alikuwa akilia akifa. Baba alikuwa akimnyanyua yule shujaa mdogo wa madini ya risasi kwa vidole viwili vyenye weusi wa grisi, akimweka mlangoni pa kibanda na kusema, "Mpe supu huyo, kesho ataondoka." Kisha alikuwa akimngoja Darrell apanguse pua.

Mapafu yalimmaliza Baba polepole. Mimi ndiye niliyekaa naye. Sisemi hivyo ili nisifiwe; nilikuwa mjini palepale, sina mume, na basi huwa linasimama tangu asubuhi mpaka watoto watoke shule. Nilijifunza kubadilisha mitungi ya hewa, nilijifunza kumgeuza bila kumuumiza. Darrell alikuja Pasaka, akaja msimu wa kuwinda kulungu. Mwezi Machi tukamzika. Kabla udongo haujatulia tukaanza kugombana juu ya nyumba ya ziwani.

Baba aliijenga mwenyewe, gogo kwa gogo, na ukingoni mwa maji akajenga kibanda cha mvuke, sauna, kama baba yake alivyokuwa nayo na babu yake huko Ufini. Sasa vyote vilikuwa mali ya Mama, jina lake Arlys kwenye hati. Mimi nilitaka kuhamia huko niishi. Darrell alitaka iuzwe. Kiangazi kizima tulitukanana kwa simu, kila mmoja akimpigia Mama baadaye kumshtaki mwenzake. Ndipo kwenye Sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba, bata mzinga bado yuko mezani na mifupa nusu, Mama akaweka uma chini.

"Nimewachoka," akasema. "Nendeni mkacheze, kama alivyokuwa akiwafanya baba yenu. Atakayeshinda nitatia saini anavyotaka yeye. Na sitaki tena kusikia."

Nilimtazama, machozi yakanilenga. Nilidhani nimesikia sauti ya Baba ikitoka kinywani mwake. Isitoshe, Darrell hakuwahi kunishinda mara mbili mfululizo maishani mwake.

Jumamosi tukaenda ziwani sote watatu. Nikawasha jiko la kuni, nikapanda kwenye dari kuliteremsha sanduku. Lilikuwa jepesi ajabu. Nilipolifungua, vumbi la karatasi likanirukia usoni. Panya walikuwa wamelala humo majira kadhaa ya baridi. Walizitafuna kadi, theluthi nzima, wakajitengenezea kiota kizuri sana cha mazimwi na hazina. Ubao ulikuwa salama. Mashujaa wa risasi walikuwepo, ingawa mpiga mishale wangu hakuwa na upinde tangu zamani.

Darrell alikwenda kwenye gari, akarudi na sanduku jingine kwapani, jipya, zito kama tofali la kujengea.

"Umelitoa wapi?"

"Wamelichapisha upya. Nilinunua mwaka jana. Kwa ajili ya kumbukumbu."

Kumbukumbu! Ngome ilikuwa ile ile juu ya jabali lile lile, lakini imechorwa upya na mtu asiyeijua baridi. Mashujaa walikuwa wa plastiki, wana misuli kila mahali. Kila kitu kilikuwa na mng'aro.

"Siichezei nyumba ya Baba kwa takataka hiyo," nikasema.

"Basi cheza na kiota chako cha panya."

"Changanyeni," Mama akasema. Alikuwa ameketi na koti lake bado. "Chukueni ubao wa zamani, kadi zote tieni pamoja, tumalize. Giza linaingia mapema."

Basi tukachanganya. Nakumbuka tulivyokuwa makini, kama majaji. Migongo ya kadi haikufanana, ya zamani kahawia na ya sasa buluu, hivyo mtu angeweza kuona kinachokuja kabla hajakichota. Mama akavua foronya kwenye mto wa Baba, akazimimina kadi zote ndani, akasema atashika yeye. Tukazungumzia dadu: zitumike za zamani. Tukazungumzia mashujaa: kila mtu na wake anayemtaka. Vijitabu viwili vya sheria vililala bega kwa bega kwenye kizingiti cha dirisha, chetu kimegeuka manjano na kina duara la kikombe cha kahawa cha Baba, na kile cha Darrell kinene chenye picha. Hakuna aliyekigusa hata kimoja. Nani asome? Tuliujua mchezo ule kuliko sala ya Bwana.

Haikunichukua muda kugundua kwamba kadi mpya zilikuwa kubwa kidogo na telezi, na vidole vinaweza kuzitambua gizani. Na zilikuwa karimu. Zile za zamani zilikuwa zimetungwa na mtu mwenye roho ngumu: ugonjwa, daraja limevunjika, umepotea njia. Za sasa zilijaa mapanga na pete. Ndiyo maana mkono wa kaka yangu ulikuwa haukauki ndani ya foronya.

Hata hivyo foronya haikumtii kila mara. Kabla ya chakula cha mchana alichota kadi ya kahawia, kingo zake zimeng'atwang'atwa: Zimwi la Daraja. Akarusha dadu, akakosa. Mchawi wake wa plastiki akafa na upanga wake wote.

Nilicheka kwa sauti. Mama naye akatabasamu. Nikamnyanyua mchawi mimi mwenyewe, nikamweka Nyumba ya Wageni, mlangoni.

"Mpe supu huyo," nikasema. "Haya, chagua kimoja."

Akachagua pete. "Asante, mdogo wangu," akasema, na kwa muda mfupi tulikuwa watoto tena, wote watatu tukila mabaki ya bata mzinga yaliyookwa na wali wa mwituni, ule mchele mweusi unaoota ziwani, kwenye bakuli moja kubwa katikati ya meza, tumezisogeza funguo pembeni zisipate mafuta. Nilimpenda siku ile, kwa nusu saa hivi.

Baada ya chakula nikamwacha mbali. Ufunguo wa kwanza, wa pili. Wa tatu nilikuwa nauona, miraba miwili mbele yangu kwenye ubao. Nilianza kupanga kimoyomoyo mahali pa kuweka kitanda. Nikatia mkono ndani ya foronya, sikupapasa, nikachukua ya kwanza iliyogusa kidole. Buluu. Joka Jeupe.

Nilihitaji nne au zaidi. Ikaja mbili.

"Aha!" Darrell akasema.

"Aha yako iweke. Narudi." Nikamchukua mpiga mishale wangu, nikampeleka mlangoni pa kibanda. "Nabaki na ufunguo mmoja. Zamu yako."

Darrell akanyoosha kidole, akakiweka juu ya kichwa cha mpiga mishale, taratibu, kama anayezima sigara.

"Subiri kwanza," akasema.

Akageuka, akachukua kile kijitabu kinene, akakifungua. Hakutafuta ukurasa. Kilifunguka chenyewe. "'Shujaa akiuawa, mchezaji wake ameondoka mchezoni.'" Akakigeuza nione. "Wamefupisha siku hizi. Watu hawana muda."

"Darrell. Wewe umekufa asubuhi, nikakurudisha kwa mkono wangu."

"Niliuawa na kadi ya zamani. Kadi ya zamani, sheria ya zamani. Wewe umeuawa na kadi mpya."

"Umeitunga sasa hivi hiyo!"

"Ni mantiki tu. Kila kadi ina kitabu chake. Vinginevyo tunachezaje?"

"Tunacheza alivyotufundisha Baba!"

"Baba hakuzijua kadi hizi, Renae."

Alisema hivyo kwa upole. Mpaka leo upole ule unanichoma kuliko hila yenyewe. Nikamgeukia Mama, na nataka nieleze vizuri kwamba sikuwa na wasiwasi. Nilimgeukia kama unavyogeukia swichi ya taa nyumbani kwako.

"Mama, mwambie."

Mama aliitazama kadi ya joka. Akavitazama vijitabu vyote viwili, hakufungua hata kimoja. Kuni zikalia jikoni.

"Analosema linaeleweka," akasema.

"Mama! Baba angesema..."

"Baba yako amekufa, Renae."

Akazimimina kadi zilizobaki mezani, akaikung'uta foronya, akaikunja mara mbili, akaiweka magotini. Darrell hakushangilia, hilo nalikubali. Alisema anakwenda kupasha gari moto, akatoka bila kunitazama. Nilimwona dirishani amesimama kando ya gari, hajaingia ndani, mikono mifukoni, anaangalia sauna.

Nikaosha vyombo, kwa sababu ilibidi mikono yangu ifanye kitu. Mama akaja kusimama kando yangu na kitambaa cha kupangusia.

"Mlipanga?" nikamuuliza.

"Hatukupanga. Darrell hakujua nitasema nini." Akachukua bakuli. "Mimi nilijua."

"Tangu lini?"

"Lete na hicho kikombe." Akakipangusa, akakiangalia kwenye mwanga. "Kila Ijumaa ya kiangazi, miaka yote ile, nafungasha chakula cha watu kumi. Nafika huku napika kwenye jiko hili la kuni, mbu wananimaliza, na baba yako na ndugu zake wako kwenye mvuke wanaimba. Hakuna aliyeniuliza kama napenda. Nyumba hii nimeichukia tangu ilipokuwa nguzo nne."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Yeye alikuwa hasikii. Na wewe, toka amekufa, unaitaja kama kanisa."

"Ungeniambia mimi, Mama. Ungeniambia jikoni, kama sasa hivi. Ulituacha tucheze!"

"Ningekwambia nataka kuiuza, ungeninunia."

"Na sasa?"

"Sasa utamnunia Darrell." Akanipa bakuli nilirudishe kabatini. "Yeye ameshazoea."

Kwenye hesabu yake alikosea kidogo tu. Niliwanunia wote wawili.

Nyumba ikauzwa theluji ilipoyeyuka. Wamiliki wapya wakaibomoa sauna wakajenga gati la boti. Niliambiwa, sikwenda kuona. Mama akahamia Minneapolis, kwenye jengo la ghorofa lenye lifti, dakika chache kutoka kwa Darrell. Mimi nikaendelea na basi langu. Nilimpigia simu siku yake ya kuzaliwa na Krismasi. Aliniuliza habari za barabara, nikamwambia zina barafu. Nilidhani ananingoja niseme jambo, na nilikuwa na hakika kwamba yeye ndiye anayepaswa kulisema. Miaka ikaenda hivyo. Kuna watu wanaovunja undugu kwa kelele na sahani kuruka. Sisi ni watu wa kaskazini, tuliuacha nje ukagande.

Nilikwenda kumwona mara moja. Nilikuta mwanamke amekata nywele fupi, amezipaka rangi ya shaba, amevaa suruali nyekundu. Kwenye jokofu kulikuwa na picha zake akiwa na wanawake wengine ndani ya bwawa la kuogelea, wote wamevaa kofia za mpira, wote vinywa wazi. Simu yake iliita mara nne nikiwa pale. Kila mara alijibu kwa sauti nisiyoijua, sauti ya msichana, halafu akamalizia, "Nina mgeni, nitakupigia." Nilikuwa nimekwenda nikitumaini kumkuta mpweke. Nilikuwa nimeyaandaa hata maneno ya kumsamehe, njiani, saa tatu na nusu za barabara. Sikupata mahali pa kuyaweka. Nilikunywa kahawa, nikasema nawahi giza.

Alifariki ghafla, usingizini, mwezi wa Februari. Darrell alinipigia. Alilia kwenye simu nami nikamsikiliza, nikashindwa kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilimsikia akilia. Huenda ilikuwa mezani, akiwa na miaka saba. Nilimwambia nitafika. Kanisani tuliketi benchi moja, katikati yetu koti langu. Alinong'ona, "Renae, ile siku..." nikasema, "Simama, wimbo umeanza," na kweli ulikuwa umeanza.

Baadaye watu wakateremka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kula mikate ya nyama na keki. Ukumbi ulijaa. Sikuwa nimetegemea watu wengi vile. Wale wanawake wa bwawani walikuwepo, niliwatambua kwa picha, wamevaa nyeusi na macho mekundu. Mmoja wao, mnene, mwenye uso mwema, akanifuata nilipokuwa nimesimama peke yangu karibu na birika la kahawa. Akaniambia anaitwa Bernadine, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Umetoka mbali, mpenzi?"

"Kaskazini. Kwenye migodi."

"Ooh, alikotoka Arlys! Mlijuana huko?"

Nilimtazama usoni. Hakukuwa na hila yoyote pale. Alikuwa anangoja kujua mimi ni nani, na alikuwa amekaa na mama yangu kila wiki, ndani ya maji ya vuguvugu, miaka sita. Upande wa pili wa ukumbi Darrell alikuwa akikumbatiwa na watu.

"Tuliwahi kukaa nyumba moja," nikasema.

"Mlipanga pamoja? Bahati yako!" Akanifinya mkono, macho yakamjaa tena, akaanza kucheka kwa machozi yale yale. "Basi mtakuwa mlivunjika mbavu kila siku. Arlys kwa kuchekesha! Unakumbuka alivyokuwa?"

Nikamuuliza maziwa ya kahawa yako wapi.